Probox linamisi (linakosa moto) alfajiri tu, na koili zote nne ni mpya

Baba Swaleh, Malindi (Jumapili usiku)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina Probox ya 2005, chesisi NCP51, injini 1NZ. Kazi yake ni samaki. Saa kumi na nusu alfajiri huwapitia mama karanga wanne (wakaangaji na wauzaji wa samaki), wawili Maweni na wawili Barani, tunavuka daraja la Sabaki hadi Ngomeni kungojea mashua, kisha tunarudi sokoni kabla jua halijawa kali. Jioni hubeba chochote: maembe, saruji, hata mbuzi.

Tatizo ni hili. Yapata miezi miwili sasa, nikiliwasha alfajiri linatetemeka mwili mzima kama mtu mwenye homa. Taa ya injini inapepesa. Nikikanyaga mafuta linakohoa. Baada ya dakika mbili tatu linatulia lenyewe, taa inaacha kupepesa na kubaki imewaka tu, na kutoka hapo ni gari zima mchana kutwa. Nikilizima Ngomeni saa nzima kisha nikaliwasha, halina neno. Ni ule uwasho wa kwanza tu.

Niliyokwisha kufanya ni haya. Fundi wa kwanza alisema plagi, nikanunua nne. Wiki ikapita, hali ile ile, akasema basi ni koili, zile zinazoipa plagi umeme wa cheche. Koili moja 2,800, mara nne, hesabu fanyeni wenyewe. Fundi wa pili akasema mafuta hayapandi kwa nguvu asubuhi, nikatia pampu ya mafuta ya mtumba, 3,500, na throtoli, ule mlango wa hewa wa injini, akaiosha. Wapi. Wa tatu alisikiliza dakika moja, akashusha boneti polepole kama anayemfunika maiti, akaniambia, "Baba Swaleh, injini hii ishakula chumvi nyingi. Tafuta nyingine." Injini ya eksi-Japani ameniambia 70,000 mpaka ifike Malindi.

Mama Swaleh anasema tuuze gari. Mama karanga wanasema niwahi kuliwasha kabla ya kuwapitia, wamechoka kutikiswa na ndoo zao. Kabla sijauza kitu, nawauliza nyinyi: niangalie wapi?

Kijana wa Mtwapa

Mzee wangu, koili ulizouziwa ni feki. Soko limejaa. Tafuta Denso yenyewe, namba ya Toyota ni 90919-02240, shida imekwisha. Na plagi angalia isije ikawa umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Msafiri wa Gongoni

Petroli ya madumu hiyo. Mimi nilihama kituo gari likapona.

Fundi Mzee, Shella ya Malindi

Baba Swaleh, usinunue kitu kingine. Hata skrubu. Nijibu kwanza haya, na ujibu kwa kuangalia, si kwa kukumbuka.

Maji ya rejeta yanapungua? Sikusudii ile chupa ya pembeni. Fungua kifuniko cha rejeta yenyewe asubuhi gari likiwa baridi kabisa, utazame. Plagi za zamani zilipotolewa, kuna aliyezitazama nyuso zake, au zilitupwa tu? Gari hili limewahi kuchemsha? Alfajiri ekzosti inatoa moshi wa rangi gani? Na katika hao mafundi watatu, yuko hata mmoja aliyetia mashine akasoma kodi, ile namba ya hitilafu?

Baba Swaleh

Shikamoo mzee. Umenishika pabaya, nitajibu moja moja.

Kodi. Mpwa wangu ana kale kadude ka bluetooth ka kuchomeka chini ya usukani, lakini kamekataa katakata kuongea na Probox, simu inazunguka tu. Fundi wa pili ndiye aliyekuja na mashine yake, akaniandikia kwenye karatasi ya pakiti ya sigara: P0303. Sasa msinicheke. Nilidhani ni namba ya spea. Nilikwenda nayo dukani, muuzaji akaitafuta kwenye kompyuta, akasema hana, nijaribu Mombasa.

Moshi upo, mweupe, mwingi kidogo pale mwanzo. Nilikuwa nikiuona kwenye taa ya nyuma nikasema ni umande. Ekzosti ya kila mtu hutoa mvuke alfajiri, au sivyo?

Kuchemsha: ndiyo. Mwaka jana wakati wa kaskazi, njia ya Marafa, na mzigo wa mananasi. Feni ilikuwa haizunguki, soketi yake ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani. Tulisubiri, tukajaza maji, tukaendelea. Nilitengeneza feni siku ya pili, na haijachemsha tena tangu hapo.

Maji: hutia kidogo kila Ijumaa nikiosha gari. Chupa ya soda ya nusu lita hivi. Nilidhani ni jua. Leo nimefungua rejeta kama ulivyosema, maji siyaoni, nimetia kidole mpaka kiungo cha pili ndipo nimeyagusa.

Plagi za zamani ninazo. Situpi kitu mimi. Nimezipanga mbele yangu sasa hivi juu ya gazeti. Tatu zina rangi ya kahawia, kama mkate uliobabuka vizuri. Ya nne ni nyeupe safi, inang'aa, kana kwamba mtu kaisugua kwa majivu. Ila sijui imetoka silinda gani, zote zilitiwa mfukoni mmoja.

Fundi Mzee

Marahaba. Mimi najua imetoka silinda gani, na wewe unajua, kwa sababu uliandikiwa kwenye pakiti ya sigara.

P0303 si namba ya spea na wala haisemi "koili mbovu." Inasema silinda ya 3 inakosa moto, basi. Kwa nini inakosa, hiyo ndiyo kazi ya fundi. Kwenye 1NZ unahesabu silinda kuanzia upande wa cheni: ya kwanza iko kwenye cheni, ya nne iko kwenye giaboksi. Fundi wako alikuwa na jibu nusu mkononi akalifanya karatasi.

Kabla ya kununua koili hata moja kulikuwa na kipimo cha bure. Unatoa koili ya 3 unaipeleka 1, ya 1 unaileta 3. Asubuhi unasoma tena. Kodi ikihama ikawa P0301, koili ndiyo mbovu, na unanunua moja, si nne. Ikibaki P0303, koili haina hatia, rudisha. Plagi ni vivyo hivyo. Spana ya namba 10 na dakika kumi na tano.

Kuhusu kadude ka bluetooth: Probox hizi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina soketi ya umbo lile lile la magari mengine, lakini lugha ya ndani ni yao, na vidude vya bei rahisi vingi havikijui Kijapani hicho. Ukikosa mashine, kuna ule ujanja wa zamani wa kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mfupi, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, halafu unahesabu taa inavyopepesa. Nautaja tu, sikuagizi kuufanya. Tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, ukikosea ukaligusa utakaa gizani na fyuzi mkononi.

Sasa maji. Plagi iliyong'aa peke yake kati ya wenzake imeoshwa kwa mvuke. Mvuke huo hautoki angani.

Ukilizima gari usiku likiwa moto, maji ya rejeta bado yana presha. Kifuniko chako kama ni kizima kinazuia mpaka karibu bari 1.1 kabla ya kuachia. Presha hiyo inakaa muda mrefu, na ikikuta gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na bloku iliyo chini yake) ina njia hata nyembamba kama uzi, inasukuma tone, tone, tone, mpaka ndani ya silinda. Alfajiri kuna kijiko cha maji juu ya pistoni. Unawasha, plagi imelowa, silinda ya 3 haiwaki, gari linatembea kwa miguu mitatu. Maji yakishageuka mvuke na kutoka kwa ekzosti, silinda inakauka, inarudi kazini. Ngomeni unazima saa moja tu, hayajavuja ya kutosha, kwa hiyo huoni kitu.

Ndiyo sababu moshi wako ulipita kwa jina la umande. Mvuke wa kawaida wa alfajiri hutoka ekzosti baridi ukaisha, na kwa joto letu la Malindi huwa haba. Na mtu mwenye kulanti, ile dawa ya rejeta, angesikia harufu tamu. Wewe, kwa ninavyosoma, unatia maji matupu. Ya wapi?

Jambo jingine kabla sijasahau: taa ikipepesa, usikanyage mafuta "kulichangamsha." Kupepesa kunasema mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya ekzosti, na katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosti, inapasuka. Liache lingurume polepole.

Kijana wa Mtwapa

Mzee heshima yako, lakini gasketi ikifa si oili inakuwa kama chai ya maziwa? Na gari si lingechemsha? Yeye hajataja lolote kati ya hayo. Apime kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kwanza kabla ya kufungua hedi ya watu.

Fundi Mzee

Apime, ni haki yake. Ila gasketi ina njia nyingi za kufa. Ikifa kati ya maji na oili, utaona chai ya maziwa. Ikifa kati ya silinda na maji kwa upana, gesi zinaingia kwenye rejeta, unaona mapovu, na gari linachemsha. Ikifa kati ya silinda mbili, kompresheni inaanguka zote mbili. Hii yake ni ndogo mno, inavuja kwenda ndani usiku tu. Kompresheni inaweza kuja nzuri zote nne. Kipimo kile ni cha sekunde chache. Maji yana usiku mzima.

Baba Swaleh (Jumatano)

Nimerudi. Maji ni ya kisima, mzee. Cha nyumbani. Ya chumvi. Ya bomba yakija tunayaweka kwa kunywa na kupikia, siwezi kumwambia Mama Swaleh gari linywe maji ya Baricho na watoto wanywe ya kisima.

Nimepata fundi mwingine, kijana mpole, anayemiliki geji. Tumepima kompresheni: 180, 178, 176, 180. Kijana wa Mtwapa angefurahi. Fundi mwenyewe alifurahi, akasema hedi haina shida. Nikamsomea maneno ya Fundi Mzee kwenye simu, la "maji yana usiku mzima." Akanyamaza, akaenda kuazima pampu ya kupimia rejeta, ile inayofungwa mahali pa kifuniko, ina geji juu.

Jana usiku baada ya isha tulijaza maji, tukapiga pampu mpaka bari moja, tukaacha. Asubuhi sindano ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, na chini ya gari kukavu, si kwenye mabomba, si kwenye pampu ya maji. Tukatoa plagi zote nne. Tukachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyiza mafuta) na soketi za koili ili kusiwe na mafuta wala cheche. Mpwa wangu akaingia ndani kupiga stata, mimi nikainama kutazama. Fundi aliniambia nisogee, sikusogea. Tundu la kwanza, upepo. La pili, upepo. La tatu likatema kitu kama mtu anayepiga chafya na maji mdomoni, likanipata shati lote la kazi, na kidogo usoni.

Nimelamba mdomo bila kufikiri. Ni ya chumvi.

Kwa hiyo yule fundi wa tatu alisema kweli kwamba injini imekula chumvi, sema hakujua alichokisema.

Nahodha wa Mkanda, Lamu

Poleni na kazi. Mimi si mtu wa magari, huku kwetu kisiwani punda ndio wengi barabarani. Nina boti na Yamaha 40 nyuma yake, napeleka watu Mokowe na Shela. Lakini hili la chumvi nalijua.

Mashine ya boti inapozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Yanaingia chini, yanazunguka, yanatoka kwa kale katundu ka pembeni. Tukitoka asubuhi kitu cha kwanza kutazama ni kama inakojoa vizuri. Mkojo ukiwa mwembamba, chumvi imeziba njia. Kwa hiyo kila jioni mwenye akili huiosha ndani kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na iko na vipande vya zinki vilivyowekwa viliwe na kutu badala ya alumini. Mashine imetengenezwa kwa chumvi, na bado tunaiosha. Sasa wewe shekhe unaitia chumvi injini isiyokuwa na zinki hata kidogo, isiyooshwa, halafu unaichemsha kila siku maji yapungue chumvi ibaki, Ijumaa unaongeza nyingine. Hiyo ni sufuria ya kutengenezea chumvi. Ukifungua, tazama alumini pembeni ya matundu ya maji, utakuta imelika kama jino bovu.

Baba Swaleh

Nahodha, umenikumbusha kule Gongoni wanakovuna chumvi. Kumbe na mimi nina shamba dogo chini ya boneti.

Sasa naomba msaada wa pili, na huu ndio unaoniumiza kichwa. Hedi inafunguliwa. Dukani wamenipa gasketi tatu: moja 900, moja 2,400, moja 6,500. Zote "za Probox." Fundi amesema nyingine zote ni ile ile tu. Ni kweli? Na ninunue nini pamoja nayo, nisije nikafunga leo nikafungua kesho?

Bi Mauzo, Mombasa

Baba Swaleh, nimekaa nyuma ya kaunta ya spea miaka kumi na moja, na neno "ya Probox" ndilo linalonipa vitu vingi vya kurudishiwa. Probox ni bodi. Ndani yake kuna NCP50 ya 1300 yenye injini ya 2NZ, kuna NCP51 kama yako ya 1500, kuna NCP55 ya kuvuta magurudumu manne, kuna hata ya dizeli, NLP51. Mteja akiniletea namba ya chesisi yote, si herufi za mbele peke yake, natazama kwenye katalogi na napata namba ya kitu chenyewe. Akija na "ya Probox" nampa ninayokisia. Piga picha kile kibati cha chini ya boneti uende nacho. Na ikiwa injini ishabadilishwa zamani, usome herufi zilizogongwa kwenye bloku, maana chesisi haitajua.

Gasketi. Ya 900 ukiishika ni laini, ina uso kama karatasi ngumu iliyopakwa grafiti. Injini yako ilitoka kiwandani na gasketi ya chuma, tabaka nyembamba zilizolaliana na mabonde yaliyobinywa kuzunguka kila silinda. Ishike kwa mkono, irushe kidogo, ya chuma inalia. Usirudi kwenye karatasi. Kati ya 2,400 na 6,500: ya 6,500 ni ya kampuni yenyewe ikiwa boksi ni la kweli. Ya 2,400 inaweza kuwa ya mtengenezaji mzuri wa Japani au Taiwani ambaye jina lake halina kofia ya Toyota, na mimi nimeiuza bila kurudishiwa. Inaweza pia kuwa boksi zuri na takataka ndani. Tazama uchapaji: herufi zilizovuja wino, namba ya boksi isiyofanana na namba iliyogongwa kwenye gasketi yenyewe, kingo za chuma zenye makovu. Na ulinganishe na ya zamani tundu kwa tundu kabla hujalipa. Muuzaji akikataa uilinganishe, toka.

Lakini nikuambie ukweli unaoniuza mimi mwenyewe: gasketi ya 6,500 juu ya hedi iliyopinda itakufa kama ya 900. Gasketi ya chuma inataka uso laini na ulionyooka kuliko ile ya karatasi. Pesa za kwanza ziende kwenye kupima hedi.

Vya kununua pamoja: bolti kumi za hedi mpya. Zinafungwa kwa kuvutwa, ziliwahi kuvutwa mara moja zikarefuka, sasa unataka zivutwe tena. Kwenye 1NZ hedi haitoki bila cheni kutoka, na kava ya cheni haina gasketi ya karatasi, inafungwa kwa silikoni. Chukua ile nyeusi au ya kijivu ya injini, si ya kuzibia sinki. Chukua sili ya krenki ya mbele, gasketi ya kava ya juu, thamostati (ule mlango wa maji unaofunguka injini ikipata moto), na kifuniko cha rejeta. Oili na filta, maana lazima tone la maji litaanguka. Pampu ya maji tazama kitundu chake cha chini, kikiwa na mfereji wa kutu badilisha sasa hivi wakati mkono uko hapo. Mikanda ukiona ina nyufa, vivyo hivyo. Koili usinunue!

Fundi Mzee

Bi Mauzo kanimalizia maneno. Naongeza matatu tu.

Hedi iwekwe rula ya chuma iliyonyooka, urefu, upana, na kwa mishazari, na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, ipitishwe chini yake. Ikizidi milimita 0.05 upande wa bloku, isagwe. Na bloku nayo ipimwe, watu huisahau, kisha ikwanguliwe kwa mkono bila msasa wa mashine, yale mavumbi yanaingia kwenye oili.

Bolti: hatua ya kwanza 29 Nm kwa spana ya kupimia, kutoka katikati kwenda nje. Kisha kila moja digrii 90. Kisha digrii 90 nyingine. Tia doa la rangi ya kucha kwenye kichwa cha kila bolti uone imezunguka kiasi gani. Fundi akikwambia "mimi nina mkono," mwambie mkono huo aende nao.

Na rejeta. Hedi haikupinda kwa bahati mbaya, ilipinda siku ile ya Marafa. Rejeta ikiwa imejaa chumvi, kazi hii yote utairudia kaskazi hii inayokuja. Na ukimaliza, kulanti. Najua watu wanasema ni ya Wazungu wenye barafu. Kulanti inazuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka, na Malindi tuna haja ya vyote viwili kuliko wao. Injini yako ni alumini, bloku na hedi, masilinda tu ndiyo yamevishwa chuma ndani. Ichanganye na maji yaliyosafishwa yale ya betri kama haijachanganywa. Mfumo mzima unachukua kama lita 5, si pipa.

Baba Swaleh (wiki mbili baadaye)

Nawaletea habari, maana sipendi mtu anayeuliza akapona akapotea.

Hedi ilipotoka, Nahodha, ilikuwa jino bovu kabisa. Kati ya silinda ya 3 na tundu la maji gasketi ilikuwa na mstari mweusi mwembamba, mwembamba hasa, ungeupita ukidhani ni unywele. Ndio uliokula koili nne, plagi nne na pampu ya mafuta. Rula ilipowekwa, fila ya 0.10 ilipita chini yake pale pale kwenye tatu. Bloku ilikuwa sawa. Hedi ilikwenda Mombasa kwa basi, imefungwa kwenye kanga ya zamani, ikasagwa, ikarudi siku ya pili.

Nilinunua gasketi ya 2,400. Kwanza nilishika ya 6,500, nikatazama boksi kama alivyosema Bi Mauzo, namba ya nje na ya ndani zilikuwa ndugu wa mbali. Muuzaji akasema ni kiwanda kimekosea. Nikamrudishia taratibu. Ya 2,400 tulilinganisha, tundu kwa tundu, na ilipotikiswa ililia.

Thamostati ya zamani niliijaribu kwenye sufuria jikoni na kipimajoto nilichoazima. Ilipaswa kuanza kufunguka kwenye digrii 82. Maji yalifika 90 imelala, ikaja kufunguka yakiwa yanachemka hasa, tena nusu mdomo. Mama Swaleh alinikuta. Sufuria hiyo sasa ni yangu, na nimenunua nyingine, iandikeni kwenye gharama za gari.

Rejeta ilipogeuzwa ilitoa unga wa kahawia na vipande kama ganda la yai. Haikuoshwa ikafaa, nikatia nyingine.

Jumla, pamoja na ufundi na usagaji, 31,000 na kitu. Jana na leo nimeliwasha saa kumi na nusu. Mara ya kwanza nilishuka nikaenda kusimama nyuma ya ekzosti na tochi, majirani wakaniona. Hakuna moshi. Mama karanga mmoja aliingia, akakaa na ndoo yake, akauliza kama gari limezimika.

Kitu kimoja. Koili za zamani zote nne zimo kwenye boksi chini ya kitanda, na tumezijaribu moja moja, ni nzima. Mbili naziweka akiba. Mbili, kama kuna mtu wa Malindi mwenye 1NZ ambaye kodi yake *imehama*, aje achukue, simtozi kitu. Aje na namba ya chesisi.